Somo: Kurusha Piper J-3 Cub kwenye simuleta

Kama umezoea ndege ndogo kama Cessna 172 yenye gurudumu la pua, Cub, ambayo gurudumu lake dogo liko mkiani, itakusumbua hata kabla hujapaa. Uzito wake mwingi uko nyuma ya magurudumu makubwa, hivyo ikianza kupinda ardhini mkia hutaka kutangulia. Usipouwahi kwa miguu (pedali zinazogeuza usukani wa mkia), ndege huzunguka na bawa kukwaruza chini.

1. Zima msaada wa pedali kwenye mipangilio ya simuleta. Ukiuacha, programu itakanyaga kwa niaba yako.

2. Endesha ndege ardhini kwanza, tena sana. Rubani aliye peke yake kwenye J-3 hukaa kiti cha nyuma, na pua humziba njia. Nenda kwa kupindapinda, ukichungulia kushoto na kulia. Kanyaga kidogo, achia, kisha kanyaga upande wa pili kabla pua haijafika unapotaka. Ukingoja mpaka ifike, umeshachelewa. Usipae hadi miguu ifanye haya bila kuiwaza.

3. Kupaa: vuta fimbo nyuma, ongeza mafuta taratibu. Propela huivuta pua kushoto, na zaidi mkia unapoinuka, basi mguu wa kulia uwe tayari. Panda kwa maili 55 hivi kwa saa. Injini ni ya nguvu za farasi 65 tu.

4. Kutua: njoo kwa maili 60 hivi. Karibu na ardhi punguza mafuta ya injini hadi mwisho, uizuie isiguse kwa kuvuta fimbo kidogo kidogo hadi mwisho, magurudumu matatu yaguse pamoja. Usilegeze miguu mpaka isimame kabisa. Hapo ndipo wengi huipoteza.

MASWALI

Mwalimu, sina pedali, nina kijiti cha kuzungusha tu.
Kinatosha, ndugu. Punguza ukali wake katikati kwenye mipangilio.

Nikigusa chini inadunda. Nifanyeje?
Umegusa ukiwa na mwendo mwingi. Ikidunda kidogo, tuliza fimbo uitue upya. Ikidunda sana, weka mafuta yote, paa, urudi tena.

Cub haina flapi (vibao vya nyuma ya bawa vya kusaidia kushuka). Nikiwa juu mno je?
Telezesha ubavu, dada: laza bawa moja, kanyaga pedali ya upande wa pili. Itashuka bila kuongeza mwendo. Inyooshe kabla ya kugusa.

Na upepo wa ubavuni?
Anza na upepo wa noti 5 (kama maili 6 kwa saa). Laza bawa la upande unakotoka upepo, gurudumu la upande huo litangulie kugusa. Ukishatua, fimbo ibaki upande huohuo.