Sarafu mbovu ila ina rangi kali, ununue?

Umekutana na rupia ya Mjerumani ya 1890, ile Kaiser kavaa kofia yenye tai, fedha yake imeiva kwa umri, yaani imegeuka bluu na zambarau mpaka roho inadunda, ila juu ina tundu lililozibwa, zamani watu walizitoboa wakavaa shingoni. Tulia kwanza. Ishike chini ya taa uizungushe taratibu, rangi ya kweli inabadilika polepole kutoka ukingoni kwenda katikati, ya kupikwa, yaani iliyotiwa makusudi, imekaa juujuu kama oili kwenye dimbwi. Chukua lenzi uangalie mikwaruzo, rangi ikiwa imelala mpaka ndani ujue ilisuguliwa kwanza ndo ikaiva upya. Mi hiyo naiacha. Ikipita, lipa bei ya sarafu yenye tundu, rangi ongezea kidogo tu.