Namna ya Kuyazoea Maisha ya Jengo la Ghorofa Ujerumani

Mtu anayetoka Tanga au Mombasa kwenda kuishi Ujerumani huonywa sana kuhusu baridi, lakini ni wachache wanaomweleza kwamba saa ndiyo itakayomtatiza zaidi. Mjerumani akikualika "halb acht", yaani "nusu nane" neno kwa neno, hakusudii nane na nusu, bali nusu saa kabla ya nane yao kutimia, ambayo kwetu ni saa moja na nusu. Hapo una hesabu mbili za kufanya kwa pamoja: kuirudisha nyuma ile nusu, kisha kuihamisha saa yenyewe kutoka kwao kuja kwetu. Mimi nilialikwa chakula cha jioni kwa maneno hayo hayo, nikabisha hodi saa mbili na nusu na maua mkononi, nikijisifu moyoni kwa kutochelewa, kumbe wenyeji wamekwisha kula na sahani yangu imefunikwa mezani. Tangu hapo miadi yoyote naiandika kwa tarakimu, 19:30, mbele ya aliyeitoa, naye huitazama na kuitikia.

Siku ya kuhamia, kabla hata ya kufungua masanduku, hakikisha jina lako la ukoo limebandikwa kwenye kengele ya mlango mkuu na kwenye sanduku la barua. Sisi tuliozoea S.L.P. hulichukulia jambo hili kwa wepesi, lakini anwani za huko kwa kawaida hutaja namba ya jengo tu, bila namba ya fleti, na mtu wa posta asipoliona jina huirudisha barua ilikotoka. Ndani ya wiki mbili uwe pia umejiandikisha katika ofisi ya usajili wa wakazi, ukiwa na uthibitisho uliotiwa saini na mwenye nyumba. Usishangae baadaye ukipokea madai ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila kaya. Kutokuwa na televisheni si udhuru.

Kelele zina saa zake. Kwa kawaida utulivu huanza saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na Jumapili ni kutwa nzima. Kutoboa ukuta siku hiyo ni ugomvi wa wazi, na hata chupa tupu hazitupwi katika makontena ya vioo yaliyoko mtaani, kwa sababu ya mlio wake. Nasi tuna kinu. Ukitwanga bizari nzima ya pilau kwenye sakafu ya mbao, jirani wa chini husikia kama nyundo juu ya kitanda chake, kwa hiyo twanga Jumamosi mchana, tena juu ya taulo lililokunjwa mara nne. Mahitaji ya jikoni nayo yanunue Jumamosi, kwa kuwa Jumapili maduka mengi hufungwa, isipokuwa ya vituo vikubwa vya treni na vya mafuta.

Taka hutengwa: karatasi, vifungashio, mabaki ya chakula na mengineyo, kila aina na pipa lake. Kabla ya kutupa chupa ya plastiki au kopo la soda, tazama kama lina alama ya amana, maana mashine ya dukani hukurudishia senti 25.

Kuhusu salamu, msalimie kila unayekutana naye kwenye ngazi, ila usimsimamishe kumuuliza habari za watoto na za kazi. Aliyekuzidi umri mwite kwa jina la ukoo na kwa "Sie", yaani "wewe" ya heshima, mpaka yeye mwenyewe akuruhusu "du", "wewe" ya waliozoeana. Aliyekulia kwenye shikamoo hataliona hili kuwa gumu. Kumtembelea mtu bila taarifa kuache kabisa.

Siku yako ya kuzaliwa utakapokuwa kazini, wewe ndiye unayewaletea wenzako keki, wala usitangulize pongezi kwa mwenzako hata kwa siku moja, kwani kwao ni mkosi. Mimi hupeleka mkate wa kumimina: tui la kopo linapatikana, unga wa mchele pia, na hata asiyekula ngano hupata kipande.