Kwenda Mafia ukitokea Moshi: anza na mwezi, tiketi baadaye

Huku kwetu likizo ya bahari ni Tanga au Zanzibar basi, ukisema unaenda Mafia mtu anakuangalia mara mbili. Ni mkoa wa Pwani tu jamani, visiwa vya matumbawe mkabala na delta ya Rufiji: Mafia yenyewe ndo kubwa, afu Chole, Juani na Jibondo. Mi nimeenda mara mbili, ya kwanza niliharibu karibu kila kitu, we fuata ya pili.

Kabla hujakata tiketi angalia mwezi, sitanii. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu kunakuwa na bamvu, maji yanapanda na kushuka hata zaidi ya mita 3, katikati hapo ndo maji mafu, bahari imetulia na chini unaona vizuri. Mimi nilifika Utende, kijiji cha ufukweni huko Mafia, na bamvu, asubuhi natoka na taulo begani nakuta bahari imeondoka, mashua imelala ubavu kwenye matope na nahodha anakunywa chai. Shikamoo mzee, tunaondoka saa ngapi? "Marahaba mwanangu, maji yakija." Na usikariri saa ya jana, kila siku yanachelewa kama dakika 50 hivi.

Njia: basi la alfajiri mpaka Dar, usijaribu kuunganisha siku hiyohiyo. Lala Mbagala, sio Mbezi pale stendi, coz gari za Nyamisati zinatokea Mbagala Rangi Tatu na ile foleni ya asubuhi itakumaliza. Nyamisati ndo unapanda boti au kivuko kwenda Kilindoni, mji mkuu wa Mafia, weka masaa manne au zaidi. Piga simu jana yake kuuliza maji, mi kuna wakala aliniambia saa nne kumbe boti iliondoka saa moja, nikalala pale na mbu wote wa Rufiji. Tafuna tangawizi, sisi wa mlimani matumbo yetu hayajazoea. Mwenye hela apande ndege ndogo Dar, haifiki saa nzima.

Ukifika jua unataka nini. Papa potwe, yule samaki mkubwa kuliko wote duniani (hang'ati, anachuja vidagaa na vijidudu vya majini), anaonekana upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi, so lala hukohuko. Matumbawe yako Utende, ghuba ya Chole, ndani ya hifadhi ya bahari ya kwanza nchini, tangu 1995. Getini unalipa, beba kitambulisho cha taifa usije ukapigwa bei ya mgeni. Keshi toa Kilindoni, Chole huko usitegemee ATM.

Kuogelea hujui? Mimi pia, sema lazima uvae boya, na uso tu ndani ya maji unatosha kuona. Ila nunua yeboyebo, vile viatu vya plastiki, pale soko la Memorial Moshi kabla ya safari. Nilikanyaga peku mwamba wa matumbawe, kidonda kidogo kama cha wembe, kilichukua wiki mbili kupona maana vipande vidogo vya matumbawe na vijidudu vinabaki ndani. Na matumbawe yenyewe ni viumbe hai, usisimame juu yake.

Chole nenda mchana uone popo wakubwa wamening'inia mchana kweupe kama maparachichi, ndugu zao wako Komoro. Juani kuna magofu ya Kua, mji uliovamiwa na Wasakalava wa Madagaska karne ya 19, tafuta mwenyeji akupeleke. Vaa kistaarabu, wengi ni Waislamu, kaptura iache boti, na mwezi wa Ramadhani usitembee unatafuna.

Zawadi sasa: makombe na vipande vya matumbawe usibebe, ni kosa. Nunua pweza mkavu, ila mfunge mifuko mitatu, mi nilifunga mmoja na mpaka tunafika Korogwe basi zima lilikuwa linajua nimetoka wapi.