Pointi za Leo au Nafuu ya Mwakani: Kupima Mabadilishano katika Ligi ya Fantasi ya Besiboli

Ligi ya fantasi ya besiboli ni mchezo ambao meneja huunda timu ya kubuni kwa wachezaji halisi na kushindana kwa takwimu zao. Katika ligi zinazomruhusu meneja kubakiza baadhi ya wachezaji wake kwa msimu ujao, kila pendekezo la kubadilishana huwa na vitu viwili vya kupimwa: pointi za msimu huu, na nafuu ya bei utakayoipata katika mnada ujao. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mameneja kulinganisha majina ya wachezaji badala ya kupima vitu hivyo viwili. Hapa nitatumia mfano wa ligi ya mnada yenye timu 12, kila timu ikiwa na dola 260 za kununulia wachezaji 23, msimamo ukihesabiwa kwa vipengele kumi vya takwimu, na kila timu ikiruhusiwa kubakiza wachezaji watano ambao bei yao hupanda kwa dola 5 kila mwaka.

Hatua ya kwanza: hesabu pointi, si takwimu

Fungua msimamo wa kila kipengele uone umbali uliopo kati yako na timu zilizo juu yako. Ikiwa unaongoza kwa besi 30 katika kuiba besi (mkimbiaji kusogea kituo kinachofuata bila mpira kupigwa), besi nyingine 15 hazitakuongezea chochote, ilhali seivu 4 tu (seivu hupewa mrushaji anayelinda ushindi wa timu yake hadi mwisho wa mechi) zinaweza kukuvusha timu tatu zilizosongamana. Kumbuka pia kwamba unanunua muda uliobaki pekee: mwishoni mwa Julai, takribani theluthi moja ya mechi 162 ndiyo haijachezwa, kwa hiyo mpigaji wa homurani 30 (mipigo inayomwezesha kuzunguka besi zote na kufunga) kwa mwaka atakuletea kama 10.

Jambo ambalo husahaulika ni nani unayempita. Ukiipita timu ya kawaida, unapata pointi moja. Ukimpita anayeongoza ligi, wewe unaongeza moja naye anapoteza moja, na pengo linapungua kwa mbili. Mabadilishano yanayokupa pointi 5, mbili kati ya hizo zikitoka mikononi mwa kinara, yanaziba pengo la pointi 7. Fanya hesabu hiyo kwa kalamu, na uondoe pointi utakazopoteza kwa mchezaji unayemtoa.

Hatua ya pili: tafuta pengo la bei

Thamani ya mchezaji wa kubakizwa haimo katika ubora wake peke yake, bali katika tofauti kati ya bei unayomlipia na bei ambayo ungelazimika kumnunulia mnadani. Mnada wa ligi hizi una mfumuko wa bei, kwa kuwa wachezaji wa bei nafuu wamekwisha kubakizwa na fedha nyingi zimebaki zikiwania wachache. Fedha zote za ligi yetu ni dola 3,120. Tuseme wachezaji waliobakizwa na timu zote wanagharimu dola 800 lakini thamani yao halisi ni dola 1,300. Zinabaki dola 2,320 za kununulia wachezaji wenye thamani ya dola 1,820. Gawanya, utapata 1.27, yaani kila mchezaji atauzwa kwa takribani asilimia 27 zaidi.

Sasa linganisha. Chipukizi mwenye thamani ya dola 25 atafika kama 32 mnadani. Ukiwa naye kwa dola 10, pengo ni 22. Nyota mwenye thamani ya 40 atafika 51, lakini ukiwa naye kwa 45, pengo ni 6 tu. Hata mchezaji wa wastani mwenye thamani ya 12, ukimbakiza kwa dola 1, ana pengo la 14 na anamshinda nyota huyo.

Hatua ya tatu: angalia nafasi zako

Kwa kuwa unabakiza watano, mchezaji wako wa sita kwa ukubwa wa pengo ana thamani ya sifuri kwako, hata kama kwa mwenzako aliye mkiani ni dhahabu. Huyo ndiye wa kutolewa kwanza. Mimi niliwahi kumtoa wa pili ilhali wa sita angetosha, kwa sababu tu sikuuliza.

Hatua ya nne: punguza thamani ya kesho

Pengo la mwaka wa pili mimi hulihesabu kwa nusu, na la mwaka wa tatu silihesabu kabisa kwa warushaji. Mrushaji Spencer Strider aliwatoa wapigaji 281 kwa straiki tatu mwaka 2023, kisha akaanza mechi mbili tu mwaka 2024 kabla ya upasuaji wa kiwiko. Wapigaji nao hawana kinga: Ronald Acuña Jr. alipiga homurani 41 na kuiba besi 73 mwaka 2023, na Mei 2024 akachanika kano ya goti. Chipukizi ambaye bado yumo katika ligi ndogo mpunguzie zaidi, kwani hata akipanda, mwaka wake wa kwanza huenda usiwe na faida.

Hatua ya tano: amua, ukizingatia kalenda

Ikiwa hesabu ya hatua ya kwanza inakufikisha kileleni au karibu yake, toa hata pengo la dola 22. Ikiwa inakuvusha kutoka nafasi ya tano hadi ya nne, usitoe kitu chochote kilicho miongoni mwa watano wako. Zaidi ya hapo, kuwa mwangalifu na mrushaji wa kufunga mechi aliye katika timu dhaifu mwezi wa Julai. Timu hiyo inaweza kumuuza kwa timu kubwa ambayo tayari ina mfungaji wake, naye akaanza kurusha katika raundi ya nane badala ya ya tisa, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho, na seivu ulizozinunua zikatoweka. Mtu wa aina hiyo mchukue baada ya dirisha la uhamisho la ligi kuu kufungwa, au ukimchukua mapema, mlipie kama nusu ya mfungaji.