Seli yako ya kwanza ndani ya NEURON

Wengi wanaoanza na NEURON, programu ya kuiga seli za neva, hutaka kwanza kusoma maelezo yake yote kama kitabu. Usifanye hivyo. Ni marefu, na sehemu kubwa hutaihitaji kwa miezi. Jenga seli moja, kisha yaendee maelezo ukiwa na swali.

Hatua ya 1. Kwenye Linux au macOS, andika kwenye terminali:

```
pip install neuron
```

Windows ina faili lake la kusakinisha. Lipakue kwenye tovuti ya mradi.

Hatua ya 2. Fungua Python, tengeneza seli:

```
from neuron import h
h.load_file("stdrun.hoc")
soma = h.Section(name="soma")
soma.L = soma.diam = 12.6157
soma.insert("hh")
```

"Soma" hapa si kitenzi chetu. Wanabiolojia hukiita hivyo kiwiliwili cha seli. Na "hh" ni milinganyo ya wanasayansi Hodgkin na Huxley, inayoeleza jinsi seli ya neva inavyofyatua msukumo wa umeme. Waliichapisha mwaka 1952 baada ya kupima akzoni nene ya ngisi, yaani uzi mrefu wa seli yake ya neva.

Mstari wa nne usiuruke kamwe. Mimi niliuruka, seli ikakaa kimya, nikashinda siku nzima nikitafuta kosa kwenye mkondo wa umeme wa Hatua ya 3. Usipotaja ukubwa, NEURON hukupa pipa lenye kipenyo cha mikromita 500 na urefu wa 100, yaani utando wa takriban mikromita za mraba 157,000. Kwa vipimo vya hapo juu utando ni 500 tu. Mkondo uleule ukitandazwa kwenye eneo kubwa mara 314, volti inatikisika kidogo mno, basi. Hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaotokea, kwa sababu kwa programu hakuna kosa.

Hatua ya 3. Ipe seli mkondo katikati yake:

```
stim = h.IClamp(soma(0.5))
stim.delay = 5
stim.dur = 1
stim.amp = 0.1
```

Muda ni milisekunde, mkondo ni nanoampia. Hakikisha umeupa jina, kama "stim" hapa. Kisichoshikwa na jina, Python hukifuta.

Hatua ya 4. Rekodi, kisha endesha. Mistari ya kurekodi itangulie:

```
v = h.Vector().record(soma(0.5)._ref_v)
t = h.Vector().record(h._ref_t)
h.finitialize(-65)
h.continuerun(40)
print(v.max())
```

Namba ikiwa chanya, kwa makumi ya milivolti, seli imefyatua.

Hatua ya 5. Sasa ndipo pa kusoma. Andika `print(soma.psection())` uone kila thamani ambayo programu imekuwekea bila kukuuliza, kisha itafute moja moja kwenye maelezo, ukiangalia kipimo chake kwanza.

Anza na joto, ambalo orodha hiyo haikuonyeshi. `h.celsius` huwa 6.3, kwa sababu ngisi yule alipimwa kwenye baridi. Iweke 37, kama mwili wa binadamu, urudie kuanzia `finitialize`. Kasi ya milango ya ayoni, yaani vitundu vya utando vinavyopitisha chembe zenye chaji, huongezeka mara tatu kwa kila nyuzi 10, hivyo hapa imepanda takriban mara 29. Linganisha `v.max()` mpya na ile ya kwanza, ndipo ufungue ukurasa wa "hh".