Jinsi ya Kuandika Ombi la Ufadhili kwa Ajili ya Watoto wa Mtaa

Kikundi kinachotafuta ufadhili wa kuwasaidia watoto wa Nyalenda au Manyatta, mjini Kisumu, kianze na cheti cha usajili. Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inataka kikundi kiwe na wanachama wasiopungua 10. Akaunti ya benki iwe kwa jina la kikundi, kamwe si la mwenyekiti.

Kazi kubwa imo katika bajeti, na hapo ndipo maombi mengi hukwama. Usiandike "vifaa vya shule" kisha ukaweka jumla moja. Taja idadi ya sare, viatu, madaftari na pakiti za sodo, bei ya kila kimoja kama ilivyo dukani wiki hiyo, na gredi ya mtoto atakayepewa, ili msomaji aliye Nairobi au Uingereza aweze kuikagua hesabu yako bila kukupigia simu. Nauli ya kubeba mizigo kutoka soko la Kibuye nayo ni gharama halali. Kuificha ndani ya bei ya madaftari huzua shaka bure.

Eleza pia watoto walichaguliwaje na nani aliyewachagua, maana mfadhili makini atauliza kwa nini mwana wa katibu yumo kwenye orodha. Majina na picha zao zisitumwe bila idhini ya mzazi au mlezi, kama Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inavyoagiza. Fedha zikiingia, risiti ziwekwe kwenye faili siku ileile ya ununuzi, na ripoti itumwe kabla haijadaiwa.