SOMO: Kibali cha ujenzi na shimo la majitaka huku kandokando ya ziwa. Soma kabla hujaniuliza

Wakuu, ujumbe ni uleule kila siku: "Kaka, kibali kinapatikanaje?" Naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa, asinune. Kazi yangu ni kuchora ramani na kusimamia mafundi, Usagara, Kisesa, mpaka Igombe, hapa Mwanza kwenye Ziwa Victoria. Si mtumishi wa halmashauri. Mambo ya ada kaulize dirishani kwao, maana kila halmashauri ina sheria ndogo zake.

Hatua ya 1: Jua ardhi yako ni ya aina gani. Kama ni kiwanja kilichopimwa, uwe na hati au barua ya toleo yenye jina lako, si la aliyekuuzia. Kama ni ardhi ya kijiji, inasimamiwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, basi anza kwa mtendaji wa kijiji. Karatasi ya mauziano yenye saini ya mwenyekiti na mashahidi wawili haigeuzi shamba kuwa kiwanja. Halafu usidhani uko kijijini kwa sababu jirani analima mihogo. Pembezoni mwa jiji maeneo mengi ya namna hiyo yameshaingizwa kwenye mipango miji, na mwenye kujua ni afisa mipango miji, si dalali.

Hatua ya 2: Lipa kodi ya pango la ardhi, tunza risiti.

Hatua ya 3: Ramani. Sakafu, pande zote nne, mkato, paa, msingi, na mchoro wa kiwanja kizima. Ghorofa ongeza michoro ya mhandisi. Ile ramani uliyotumiwa WhatsApp na shemeji yako haikijui kiwanja chako.

Hatua ya 4: Shimo. Tulia hapa, maana hapa ndipo mafaili yanaporudishwa.

Watu wengi huchora nyumba, huweka geti, parkingi, bustani, kisha kile kipembe kinachobaki ndiyo wanaandika "karo", yaani tangi la majitaka. Huku kwetu fanya kinyume: tafuta kwanza mahali pa shimo, halafu nyumba ifuate. Sababu ni ardhi yenyewe. Milimani unachimba futi mbili unagonga jabali. Kwenye mbuga nyeusi udongo hauyanywi maji, masika shimo linajaa na kurudi chooni. Karibu na ziwa ni mchanga, unakunywa haraka mno, na maji ya ardhini yako juu, kwa hiyo uchafu unaingia kisimani kabla haujachujwa. Ziwa lenyewe halikai mahali pamoja. Waliochimba wakati maji yako chini waliona mwaka 2020, na tena 2024, ziwa lilivyopanda na mashimo yakajaa maji kutokea chini.

Kwa hiyo kabla ya kuchora, pima udongo. Chimba mpaka kina ambacho shimo la kunyonya (lile linalopokea maji ya karo na kuyaachia yaingie ardhini) litafika, na chini kabisa toboa kishimo cha sentimita 30 kila upande. Jaza maji, yaache usiku kucha udongo ushibe. Asubuhi jaza tena, weka alama kwenye kijiti, uone yanashuka sentimita ngapi kwa nusu saa. Yakigoma kushuka, hapo hapafai. Ukikuta maji yanachuruzika yenyewe kutoka pembeni, hapafai zaidi. Fanya jaribio hili masika. Kiangazi kila udongo unaonekana mzuri.

Vipimo ninavyotumia: familia ya watu sita hadi wanane, karo lenye urefu wa mita 2.5, upana mita 1, na kina cha maji mita 1.2, yaani mita tatu za ujazo. Ligawe vyumba viwili, cha kwanza theluthi mbili. Bomba la kuingilia liwe juu ya la kutokea kwa sentimita 7 au 8, na yote mawili yavishwe T inayozama ndani ya maji, la sivyo povu la juu litahamia kwenye shimo la kunyonya na kuliziba. Plasta ndani, kisha niru (uji wa saruji). Shimo la kunyonya liwe mita 30 kutoka kisima chochote, na chini yake kubaki angalau mita moja na nusu ya udongo mkavu kabla ya maji ya ardhini.

ONYO: "kisima chochote" ni pamoja na cha jirani. Bwana afya akifika hapimi cha kwako tu.

ONYO LA PILI: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Ukiuziwa "kiwanja cha biichi" chenye urefu wa mita 50 kutoka majini, umeuziwa mandhari.

Hatua ya 5: Peleka maombi. Siku hizi ni kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI, kwa namba ya NIDA. Malipo ni kwa kontroo namba. Anayetaka umpe mkononi "akusaidie kusukuma" ni wa kumkimbia.

Hatua ya 6: Wakaguzi wakija, uwepo. Fyeka majani, bikoni (alama za mipaka) zionekane.

Hatua ya 7: Ukipata kibali, soma masharti na muda wake, nakala ikae saiti. Na uite wakaguzi KABLA ya kufukia msingi na karo. Ukishafukia, utakuwa unawaonyesha udongo.

MASWALI

Sangara Mkavu: Mkuu somo zuri. Kibali ni shilingi ngapi?

Mwandishi: Aya ya kwanza.

Sangara Mkavu: Nimesoma, nilitaka makadirio tu.

Mwandishi: Nikikukadiria utaenda kugombana na karani ukinitaja mimi. Nenda na ukubwa wa nyumba kwa mita za mraba, utajibiwa hapo hapo.

Jiwe Juu ya Jiwe: Kaka pole na kazi. Mimi niko mlimani, jabali linaanza futi mbili. Jaribio la maji nimelifanya kama ulivyosema, maji yamelala pale pale mpaka mchana. Bati na tofali zipo saiti. Nimekwama?

Mwandishi: Hujakwama dada, na hongera kwa kupima kwanza. Una njia tatu. Ya kwanza, ulizia MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, kama mtaa wako umefikiwa na ule mfumo rahisi wa majitaka waliotandaza kwenye baadhi ya mitaa ya milimani, mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba. Kama upo, unganisha, habari imeisha. Ya pili, karo lililozibwa pande zote, halina shimo la kunyonya, linavutwa na gari likijaa. Hapo hakikisha gari linafika, maana mpira wake una mwisho, na chora bafu na jiko visiingize maji ovyo. Ya tatu, kujaza udongo wa kichanga juu ya jabali na kutandaza mabomba yenye matundu humo. Hii inataka mhandisi na inataka nafasi. Usijaribu kupasua ufa kwenye jabali ili maji "yapate pa kwenda". Yatapata: ukutani kwa jirani wa chini yako.

Jiwe Juu ya Jiwe: Wabeja sana. Ya pili nimeielewa. Mchoro uandike nini pale penye shimo la kunyonya?

Mwandishi: Andika ukweli: karo lisilovuja, la kuvutwa na gari, na ujazo wake. Onyesha na njia ya gari mpaka kwenye mfuniko. Ukichora shimo la kunyonya la uongo bwana afya atataka kuliona.

Ngosha Mjini: Mbona tunajengaga bila hizo karatasi na hakuna shida? Mnatisha watu mpate wateja wa ramani.

Mwandishi: Somo nimetoa bure. Siku ukikuta X nyekundu ukutani usinipigie.

Ngosha Mjini: Sawa bosi.

Furu wa Nansio: Niko Ukerewe. Jirani ana choo cha shimo mita kama 20 kutoka ninapotaka kuchimba kisima. Yeye ndiye alitangulia. Anahama nani?

Mwandishi: Swali zuri, na wengi hawaliulizi mpaka waugue. Sogeza kisima wewe. Angalia na mteremko: kisima kikae upande wa juu wa choo, si chini yake. Kama kiwanja hakiruhusu, ongea na jirani mapema, kwa heshima, na mhusishe bwana afya wa kata kabla hujatumia hela ya kuchimba.

Mama Dagaa: Naomba kuongezea kuhusu kutapisha. Mtaani kwetu mvua ikinyesha tu watu wanafungulia vyoo vinateremka mpaka kwenye mfereji wa ziwani, halafu watoto wanaoga huko huko. Kuna jirani alituambia ndiyo njia ya kusafisha.

Mwandishi: Ndiyo njia ya kusambaza kipindupindu na kichocho, mama. Gari linagharimu, lakini mchangie nyumba nne kwa siku moja, dereva huwa anaelewana na watu.

Sangara Mkavu: Na ile hamira ya kutupia chooni inafanya kazi?

Mwandishi: Karo lina vijidudu vyake tayari, havihitaji kuandaliwa. Linalohitajika ni usivimwagie dawa za kuulia vijidudu ndoo kwa ndoo, wala mafuta ya kukaangia samaki.

Mama Dagaa: Mpapai juu ya karo je? Wangu unazaa kweli.

Mwandishi: Utazaa mpaka mizizi iingie kwenye bomba. Weka majani ya kawaida tu. Na kabla hujafukia mfuniko, pima kutoka kona mbili za nyumba, andika vipimo nyuma ya ramani, umpe na mtu mwingine nakala. Dereva wa gari la majitaka hachimbi kutafuta.